Kipande cha Muhogo



Wapendwa wasomaji, juma lililopita kijana mmoja alinisimamisha nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, akaniuliza mbele ya watu: "Baba, mwaka huu utakwenda nasi tena Pugu, au utazimia tena?" Nilimjibu kwamba mwaka jana sikuzimia, nilikaa chini tu. Lakini kwa kuwa habari hiyo imekwisha kuzunguka jumuiya zetu zote, na kila inapopita inaongezwa chumvi, nimeona ni heri niisimulie mwenyewe, pamoja na sehemu ambayo kijana yule haijui.

Nilipokuwa seminarini nilikuwa mkimbiaji. Sikuwa wa kuandikwa magazetini, ila katika mbio za nyika za Jumamosi sikuwa wa mwisho. Tulikula makande mchana na ugali kwa maharage jioni, tukapanda na kushuka vilima bila kufikiri kwamba kuna uhusiano wowote kati ya sahani na miguu. Kisha nikapata daraja takatifu, na upadre ukaniletea soda. Wanaoishi pembezoni mwa Temeke wanajua ninachosema. Padre akiingia nyumbani, hata nyumba isiyo na kiti cha pili, mtoto hutumwa dukani mbio, na kabla sala ya kufungua haijaisha chupa inasikika ikifunguliwa. Kuikataa ni kuitukana nyumba. Siku ya kutembelea jumuiya niliweza kunywa tano. Chupa moja ya mililita 350 hubeba karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Basi zidisha.

Baada ya miaka kumi na mitano ya utume wa namna hiyo nilikuwa na kilo 96, na nikipanda ngazi za altareni nilihema. Mwanzoni mwa mwaka jana nilikwenda kupima. Sukari yangu kabla ya kula ilikuwa 6.6. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 6.1 hadi 6.9 mtu yuko mlangoni, na ikifika 7.0 amekwisha kuingia ndani. Mimi sikuhitaji maelezo marefu. Baba yangu mzazi alikufa kwa kisukari, na kabla hakijamuua kilimchukua mguu wa kulia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kidonda wakati wa likizo. Harufu ile haisahauliki.

Daktari aliniambia mambo matatu: acha soda, punguza ugali na wali hadi nusu, na tembea kila siku. Mimi nikasikia zaidi ya alivyosema. Miaka hii Watanzania tumesikia mengi juu ya chakula. Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyechaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, ametusihi mara nyingi tupunguze sukari na tule kwa kiasi. Nyuma ya wataalamu wa aina yake wamezuka mitaani walimu wengine wengi, kila mmoja na sheria yake. Nikachagua sheria iliyo kali kuliko zote. Niliacha ugali, wali, chapati, viazi, ndizi, muhogo, maharage, hata embe. Nikabaki na mayai, samaki, dagaa, mchicha, matembele, parachichi na karanga.

Kwa siku kumi za kwanza nilipungua kilo nne, nikafurahi kama mtoto. Baadaye ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikitokea. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, nayo huitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo yote haizidi sana gramu 500, na kila gramu moja hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba hupungua na maji yake huondoka nayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushindi wangu wa kwanza ilikuwa maji. Lakini ushindi ni ushindi, nami nikaanza kuwaangalia watu wengine. Nilikaa mezani nikiwahesabia wenzangu vijiko vya sukari.

Katika juma la sita nilitembelea jumuiya moja. Mama mwenyeji ni mjane anayeuza maandazi asubuhi na kufua nguo za watu mchana. Baada ya sala alifunua kawa: wali wa nazi, kuku, na mchicha. Nilipakua paja la kuku na mchicha. Wali sikuugusa.

"Baba, wali haukuiva?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Umeiva mama, ila mimi sili tena wali. Wali ni sukari tu iliyojificha." Nikaendelea. Nikawaeleza wanajumuiya wote, tena kwa dakika nyingi, jinsi wali unavyoharibu mwili. Wazee waliokuwa wamekwisha kupakua walibaki na vijiko mikononi. Yule mama alirudisha kawa juu ya wali taratibu, akakaa.

Njiani wakati wa kurudi, katekista wetu, mzee ambaye hasemi neno bila sababu, aliniambia: "Baba, ule mchele aliukopa dukani." Hakuongeza jambo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Niliposikia nilijitetea moyoni kwamba nilikuwa nimefundisha ukweli.

Mwezi Juni vijana wetu walipanga kukimbia porini, katika msitu wa Pugu, kupitia bwawa la Minaki hadi Kisarawe na kurudi, kilomita 18 hivi. Walitaka mlezi mmoja awasindikize kwa gari. Nikasema sitakuwa ndani ya gari, nitakimbia. Nilikuwa na kilo 85, na nilikuwa nimejizoeza kwa miezi miwili kwenye barabara zetu za mchanga. Nilikuwa nimesoma pia habari za Profesa Tim Noakes wa Afrika ya Kusini, ambaye katika kitabu chake Lore of Running cha mwaka 1985 aliwafundisha wakimbiaji kula wanga kwa wingi, na miaka mingi baadaye, yeye mwenyewe akiwa amepatwa na kisukari, akageuka na kuyakana mafundisho yake. Mfano huo ulinipendeza sana. Kama bingwa ametubu, mimi ni nani nisifuate?

Yale yasiyonipendeza sikuyasoma. Sikusoma kwamba watafiti waliochunguza milo ya wakimbiaji mashuhuri wa Kenya, wakatoa matokeo yao mwaka 2004, walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu zao inatokana na wanga, na ugali ukiwa chakula kikuu. Wala sikusoma utafiti wa Louise Burke wa Australia, wa mwaka 2017, juu ya wanamichezo wa kutembea kwa kasi. Waliokula mafuta mengi na wanga kidogo kwa majuma matatu walijifunza kweli kuchoma mafuta kwa wingi. Lakini mafuta yanadai hewa ya oksijeni nyingi zaidi ili kutoa nguvu ile ile, nao hawakuongeza kasi yao katika shindano, wakati wenzao waliokula wanga waliiongeza. Kwa mwendo wa polepole mafuta yanatosha, na hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha mbali. Ukianza kupanda mlima mkali, misuli hudai wanga.

Tulianzia Pugu, saa 12 na nusu asubuhi. Mahali pale pana historia yake. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni yao mwaka 1888, na Januari 1889, katika vita vya Abushiri, ikavamiwa na kuchomwa. Katika shule iliyokuja kujengwa Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha hadi mwaka 1955, alipoacha ualimu kwa ajili ya siasa. Vijana walisali, nami nikawabariki. Tumboni nilikuwa na mayai mawili, nusu parachichi na kahawa isiyo na sukari.

Mtu wa Moshi au wa Mgeta akiviona vilima vya Pugu atacheka, maana urefu wake ni kama mita 300 tu kutoka usawa wa bahari. Lakini msitu ule hauhitaji urefu ili kukuchosha. Njia inashuka ghafla kwenye makorongo na kupanda ghafla upande wa pili, mizizi imelala kama nyoka, na penye udongo mweupe wa kaolini, kukiwa na umande, mguu hauna pa kushika. Hewa ni nzito kwa unyevu. Jasho linatoka wala halikauki. Kilomita tano za kwanza nilikwenda vizuri, nikawapita hata vijana wawili. Bwawani Minaki nilisimama nikatazama maji, nikajisifu moyoni kwamba miaka ishirini imerudi.

Kilomita ya tisa kidole kilijikwaa kwenye mzizi, nikaanguka magoti. Nikainuka nikicheka. Kilomita ya kumi na moja, katika mpando mrefu wa kuelekea Kisarawe, sikucheka tena. Kwanza miguu iliacha kunisikiliza. Kisha jasho likawa la baridi, mikono ikatetemeka, na masikio yakavuma. Nilikuwa nikisali rozari kimoyomoyo ili nipate mwendo, na katikati ya Salamu Maria nikasahau neno linalofuata. Sala niliyoisali tangu sijajua kusoma! Nikaanza upya, nikasahau mahali pale pale. Hapo niliogopa. Nilimfikiria John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho na goti limefungwa bandeji. Lakini Akhwari aliumia akishindana kwa niaba ya taifa. Mimi niliumia nikishindana na sahani ya wali.

Kijana mmoja aliyebaki nyuma kwa ajili yangu alinishika mkono, tukatoka msituni hadi penye nyumba za kwanza. Chini ya mwembe alikaa bibi mmoja mwenye ushungi, na mbele yake sufuria ya muhogo wa kuchemsha na birika la chai. Hakujua kwamba mimi ni padre. Nilikuwa nimevaa fulana na kaptula, na tope hadi magotini.

"Shikamoo bibi," nilisema, maana hata anayeanguka hana budi kusalimu.

"Marahaba mwanangu. Kaa chini kabla hujaanguka." Alichukua kipande cha muhogo, akakinyunyizia chumvi, akakiweka juu ya jani na kuninyoshea.

Nami, wapendwa, katika hali ile, midomo imekauka na dunia ikizunguka, nikasema: "Ahsante bibi, lakini mimi nimeacha wanga."

Bibi alishtuka, akatazama msitu nyuma yangu. "Wanga? Umewaacha wapi?"

Kijana wangu alicheka hata akaegemea mwembe. Alipopata pumzi alimweleza kwamba sikumaanisha wachawi wa usiku, bali vyakula kama ugali, wali na muhogo. Kwamba huyu baba havili kwa sababu ya sukari. Bibi alinitazama kwa muda kama anayetazama mtoto wa mtu mwingine.

"Na huyo aliyekukataza kula," akaniuliza, "ndiye huyo huyo aliyekutuma upande mlima?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyenikataza. Daktari alisema nusu. Kula-kabisa-hapana kulitoka kwangu mwenyewe, na mlima pia nilijituma mwenyewe. Nikaupokea muhogo. Nilikula vipande vitatu kwa chumvi, nikanywa chai ya tangawizi yenye sukari ambayo siku nyingine ningeihesabu kijiko kwa kijiko. Baada ya robo saa hivi mikono ilitulia na macho yakaona tena mbali. Salamu Maria ikarudi yote.

Daktari alinieleza baadaye kwamba si wanga peke yake ulioniangusha. Mtu anayeacha wanga hupoteza pia chumvi na maji mengi kwa njia ya mkojo, nami sikuwa nimevirudisha vyote viwili. Kwa hiyo ile chumvi ya bibi juu ya muhogo ilikuwa dawa kama muhogo wenyewe. Nilitaka kulipa, mfukoni nilikuwa na rozari tu. Kijana alitoa simu amtumie bibi fedha, naye akakataa. "Biashara nitafanya na mzima," alisema. Kilomita saba zilizobaki nilizitembea. Nilifika Pugu nikiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya wa kwanza, na vijana wakanipigia makofi ambayo sikuyastahili.

Usiku ule nilifungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 14. Mfalme Sauli, siku ya vita, aliwaapisha askari wake kwamba asionje mtu chakula hadi jioni. Wakapita msituni penye asali, na hakuna aliyethubutu kunyosha mkono. Yonathani, ambaye hakuwa amesikia kiapo, alichovya ncha ya fimbo yake katika asali, akaonja, na macho yake yakatiwa nuru. Kwa miaka mingi nilihubiri habari hiyo nikiishia kwenye asali. Usiku ule nilisoma kinachofuata. Jioni askari walikuwa na njaa kali kiasi kwamba waliwarukia wanyama wa nyara, wakala nyama pamoja na damu, jambo ambalo Torati iliwakataza. Kiapo cha Sauli hakikuwafanya watakatifu zaidi. Amri ambayo Mungu hakuitoa iliwafanya wavunje ile aliyoitoa.

Nikamkumbuka yule mama na kawa lake. Mimi pia nilikuwa nimejitungia amri ambayo hakuna aliyenipa, na kwa kuilinda nikavunja iliyo kubwa kuliko zote. Tena nilipopiga hesabu nikaona mlo wangu wa mayai, samaki na maparachichi uligharimu karibu mara tatu ya mlo wa mlinzi wetu. Husemwa kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nami ningeongeza kwamba hata aliyejichagulia njaa hamjui yule ambaye njaa ilimchagua. Majirani zangu wengi hawawezi kuacha ugali, kwa sababu nyuma ya ugali hakuna kitu kingine mezani. Na kuwaambia kwamba hicho kimoja walicho nacho ni sumu, bila kuwapa kingine, si mafundisho.

Msinielewe vibaya. Mguu wa baba yangu haukuwa hadithi, na soda sijazirudia. Nilirudi kwa daktari, akarudia maneno yake yale yale matatu, na safari hii nikayasikia kama alivyoyasema. Nusu ya sahani yangu ni mboga, robo ni samaki au maharage, na robo iliyobaki ni ugali au wali usiozidi ngumi yangu. Siku ya kukimbia mbali naongeza muhogo asubuhi na kubeba maji yenye chumvi kidogo na sukari. Sukari yangu kipimo cha mwisho ilikuwa 5.6. Na ninyi mnaotumia dawa za kushusha sukari, hasa sindano za insulini, nawasihi msiache wanga ghafla kwa kunisikia mimi au mtu yeyote wa mitaani. Sukari inaweza kushuka kupita kiasi na kuwaua. Mwulizeni daktari wenu kwanza.

Kisarawe nilirudi baada ya juma moja, nikiwa mzima, nikanunua muhogo sufuria nzima. Bibi alipokea fedha bila ubishi.

Kwa yule mama mjane nilichelewa zaidi, maana huko hapakuwa na deni la kulipwa kwa fedha. Nilikwenda siku isiyo ya jumuiya, peke yangu, baada ya kumtuma katekista aulize kama naweza kula chakula cha jioni pale. Nilipeleka mchele mimi mwenyewe. Nilimwomba radhi mlangoni, kabla ya kuketi, naye akasema maneno ambayo mama zetu husema ili wasimwaibishe padre, kwamba yamekwisha, baba, ingia. Alipofunua kawa kulikuwa na wali wa nazi na samaki. Akashika upawa, akasita juu ya sahani yangu.

"Baba, leo umeruhusiwa?"

"Nimeruhusiwa, mama. Kidogo."

Akapakua kidogo, kisha akanitazama, akaongeza upawa wa pili. Nikala wote.

Wenu katika Kristo,
Paroko wenu.